Unapoambiwa Mtoto Aliye Tumboni Hataishi: Sheria Inasemaje, na Wewe Ufanyeje?

Mada ya leo ni nzito. Kama uko na watoto karibu na redio, amua mwenyewe kama wasikilize au wakacheze nje kidogo. Tutazungumza juu ya mimba ambayo mama aliitaka, akaitunza, pengine akaanza hata kununua nguo za mtoto, kisha akaenda kupigwa picha ya tumbo na kuambiwa kwamba mtoto ana kasoro ya maumbile ambayo haitamwacha aishi.

Hakuna mama anayejitayarisha kupokea habari kama hiyo. Na mara nyingi ikishatoka, kuna watu wawili ambao humfikia mama mapema kuliko daktari. Wa kwanza humwambia, "Nyamaza kabisa, sheria ya Kenya hairuhusu chochote, utafungwa." Wa pili humnong'oneza kwamba kuna mtu fulani nyuma ya soko anayeweza kummalizia shida hiyo jioni moja. Wote wawili wanamdanganya, na huyu wa pili anaweza kumuua.

Tuanze na mwili, kisha tuje kwenye sheria.

Katika wiki nne za kwanza tangu mimba kutungwa, wakati ambapo mama wengi hata hawajajua kwamba ni wajawazito, ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kama mfereji unaojifunga na kuwa mrija. Mrija huo usipojifunga upande wa juu, fuvu la kichwa na sehemu kubwa ya ubongo haviumbiki. Wataalamu huita hali hii anensefali. Moyo wa mtoto unaweza kudunda, na mama anaweza kumsikia akicheza tumboni. Lakini wengi wa watoto hawa hufa kabla ya kuzaliwa au wakati wa kuzaliwa, na wale wanaozaliwa hai kwa kawaida huishi saa chache au siku chache tu. Hakuna upasuaji wala dawa ya kurudisha ubongo ambao haukuumbika. Kasoro nyingine ya aina hii ni mtoto kukosa figo zote mbili. Mtoto asiye na figo hatengenezi mkojo, maji ya kumzunguka tumboni yanakauka, na mapafu yake hayakomai.

Sasa nisikilize hapa kwa makini, maana hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Si kila kasoro inaua. Mrija ule ule usipojifunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Mwingine huzaliwa na kichwa kilichojaa maji. Mwingine ana mguu uliopinda au mdomo uliopasuka. Hawa ni watoto wa kuishi. Mgongo wazi na kichwa maji vinahitaji upasuaji mapema, na pale Kijabe watoto kama hao wamekuwa wakifanyiwa upasuaji kwa miaka mingi. Wako wanaokwenda shule leo. Kwa hivyo ukiambiwa tu kwamba "mtoto ana shida ya kichwa," usitoke hapo na jibu hilo. Uliza: ni shida gani hasa? Fuvu lipo au halipo? Ubongo upo? Kuna matibabu baada ya kuzaliwa, au hakuna? Yule mtu wa nyuma ya soko hatakuuliza maswali haya, na wako waliopoteza mtoto ambaye angeishi kwa sababu hakuna aliyeyauliza.

Ndiyo maana jambo la kwanza ni kuthibitisha. Picha moja iliyopigwa mtaani haitoshi kuamua jambo kubwa namna hii. Omba barua ya rufaa uende hospitali kubwa yenye daktari bingwa wa wanawake, upigwe picha tena. Hospitali za rufaa kama Kenyatta jijini Nairobi, Moi kule Eldoret na Coast General kule Mombasa zina madaktari hao, na hospitali nyingi za kaunti pia wanao. Kitabu chako cha kliniki usikiache nyumbani.

Na picha ipigwe lini? Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apigwe picha ya tumbo angalau mara moja kabla ya kufikisha wiki 24. Mtoto asiye na fuvu anaweza kuonekana hata kwenye wiki ya 12 hivi, na kati ya wiki ya 18 na ya 22 viungo vingi huonekana vizuri. Lakini kwetu wako mama wanaoanza kliniki mwezi wa sita au wa saba, na wengine hawapigwi picha kabisa kwa sababu ya pesa. Mama wa namna hiyo hulijua jambo hili akiwa kitandani, katika chumba cha kujifungulia. Mwenye pesa hujua mapema na ana muda wa kufikiri. Sipendi hali hiyo, na nimeona niiseme.

Haya, sheria.

Wengi wenu mnakumbuka kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, ile ya kijani na nyekundu. Kifungu cha 26 cha Katiba ni kimojawapo cha vile vilivyobishaniwa sana makanisani na kwenye mikutano. Kifungu hicho kinasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Kisha, katika sehemu yake ya nne, kinasema kutoa mimba hakuruhusiwi isipokuwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyepata mafunzo, pawe na haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iwe hatarini, au pawe na sheria nyingine iliyoandikwa inayoruhusu.

Umesikia neno "kasoro ya mtoto" hapo? Halipo. Sheria ya Kenya haisemi wazi kwamba mimba inaweza kutolewa kwa sababu mtoto hataishi. Anayekwambia kwamba kasoro peke yake ni ruhusa, anakudanganya. Lakini pia anayekwambia kwamba mlango umefungwa kabisa hajasoma kifungu chote. Kinachotazamwa ni wewe mama: je, mimba hii inahatarisha uhai wako au afya yako?

Na afya ni nini? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaeleza afya kuwa ni hali njema ya mwili, ya akili na ya kijamii, wala si kukosa ugonjwa tu. Tuone basi jinsi mimba ya namna hii inavyoweza kumgusa mama. Mtoto asiye na ubongo mara nyingi hamezi maji yanayomzunguka, hivyo maji huzidi, tumbo likafura kupita kiasi, mama akashindwa kupumua vizuri. Tumbo la uzazi lililotanuka sana linaweza kushindwa kujikaza baada ya kujifungua, na mama akatokwa na damu nyingi. Mtoto anaweza kukaa vibaya tumboni. Uchungu unaweza kuchelewa mpaka mimba ikapita miezi yake. Mama mwenye presha, ugonjwa wa moyo au kisukari hatari yake ni kubwa zaidi. Halafu kuna akili. Kuna mama ambaye kila siku anaulizwa sokoni, "Unajifungua lini?" na yeye anajua kwamba anachokwenda kujifungua ni msiba. Wako wanaostahimili. Wako wengine wanaoacha kula, wasiolala, wanaofikia hata kutaka kujiua. Hilo ni jambo la afya kama presha ilivyo jambo la afya, na mtaalamu anapaswa kulipima kwa makini na kuliandika kwenye faili.

Ni nani huyo mtaalamu? Sheria hiyo hiyo ya mwaka 2017 inamtaja: ni daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki, mwenye mafunzo yanayotambuliwa na leseni halali. Katiba haikutaja sahihi ya mume, wala barua ya chifu, wala karatasi ya polisi. Kumshirikisha baba wa mtoto ni jambo jema kama nyumba ina amani, kwa sababu msiba huu ni wake pia. Lakini mwili unaotibiwa ni wako, na idhini inayotakiwa ni yako.

Kuna upande mwingine ambao sitauficha. Kanuni ya Adhabu, ambayo ni ya tangu ukoloni, bado ina vifungu vyake. Anayemtoa mama mimba kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka 14. Mama mwenyewe anayejitoa kinyume cha sheria, hadi miaka 7. Anayetoa dawa au chombo akijua kinakwenda kufanya kazi hiyo, hadi miaka 3. Ndani ya kanuni hiyo hiyo, kifungu cha 240 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa uhai wa mama. Sasa basi, mhudumu akiwa na sheria hizi mbili mkononi, moja inayofungua kidogo na nyingine inayotisha, anaweza kuogopa hata pale anaporuhusiwa. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo mwaka 2012 wa kuwasaidia wahudumu, ukaondolewa Desemba 2013, na mwezi wa Juni 2019 Mahakama Kuu ikasema kuuondoa kulikuwa kinyume cha sheria. Tangu hapo kesi nyingine zimepita mahakamani kuhusu mambo haya. Kwa hiyo ukikuta mhudumu anasitasita, usidhani lazima anakuchukia. Mwombe akuandikie barua ya rufaa uende kwa mwingine. Kama dini yake haimruhusu, hilo ni lake, lakini barua akupe.

Majirani zetu wa Rwanda walikwenda mbele zaidi. Sheria yao ya mwaka 2018 inataja hatari kwa afya ya mama au ya mtoto aliye tumboni. Hata mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ule uliopitishwa Maputo mwaka 2003, unataja uhai wa mtoto aliye tumboni miongoni mwa sababu. Kenya ilipouridhia mwaka 2010 ilisema wazi kwamba sehemu hiyo haiikubali. Mimi si wakili. Lakini kama muuguzi naona ukimya wa sheria yetu juu ya mtoto asiyeweza kuishi unamwachia mhudumu mmoja, pengine usiku, mzigo ambao Bunge lingeubeba mchana. Wewe unaweza kuwa na maoni tofauti na yangu, na redio ni yetu sote.

Mama wengine huniuliza kuhusu dini. Waumini Wakatoliki na makanisa mengi mengine hufundisha kwamba mimba isikatizwe. Kwa Waislamu, wanazuoni wengi hutazama siku 120. Baraza la Fiqhi la Makka lilisema mwaka 1990 kwamba kabla ya siku hizo inaweza kuruhusiwa, ikithibitishwa na kamati ya madaktari wa kuaminika kwamba mtoto ana kasoro kubwa isiyotibika, na wazazi wakiomba. Zungumza na padri, mchungaji au sheikh unayemwamini. Hata hivyo ruhusa ya sheikh si ruhusa ya sheria ya Kenya, na katazo la mchungaji halifuti haki uliyopewa na Katiba. Usichanganye hivyo viwili.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyaita "kutoa mimba" na wala siyo, na kuyachanganya kumewaponza wengi. Mtoto akiwa amekwisha kufa tumboni, kumtoa ni matibabu ya kawaida. Hakuna haja ya mama kukaa na maiti wiki tatu akiogopa polisi. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi haiwezi kufika popote, na ikipasuka mama huvuja damu ndani kwa ndani akafa. Hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Na mimba zabibu, ambayo kwa kawaida haina mtoto bali vijipovu kama shada la zabibu, lazima isafishwe na mama afuatiliwe kwa vipimo vya damu kwa miezi kadhaa, maana inaweza kugeuka saratani.

Sasa wewe uliyepewa habari hii na kuthibitishwa, una njia mbili, na zote mbili mhudumu anapaswa kukueleza bila kukusukuma. Ya kwanza ni kuendelea na mimba mpaka mwisho. Wako mama wanaochagua hivyo. Wanataka kumshika mtoto hata kwa saa moja, wampe jina, abatizwe au asomewe dua. Mama huyo aendelee na kliniki kama kawaida, ajifungulie hospitali, wala si nyumbani, kwa sababu ya ile hatari ya damu niliyoitaja. Aseme mapema kwamba anataka kumwona mtoto. Mtoto akizaliwa hai, afunikwe kwa nguo yenye joto, avishwe kofia, apakatwe, asiachwe kando kama kitu. Njia ya pili ni kumwomba mtaalamu akupime na kuamua kama afya yako imo hatarini, ili mimba ikatizwe kwa njia salama hospitalini. Mimba ikiwa changa ni rahisi na salama zaidi kuliko ikiwa kubwa, kwa hivyo usisubiri mwezi mzima ukitafuta ushauri wa kila shangazi.

Njia ya tatu, ya majani yaliyochemshwa, vyuma, sabuni na vidonge vya kununua gizani, mimi siihesabu kuwa njia. Utafiti uliofanywa na Wizara ya Afya pamoja na kituo cha APHRC ulikadiria kwamba mwaka 2012 peke yake, wanawake karibu 120,000 walitibiwa katika vituo vya afya nchini kwa madhara yaliyofuata utoaji mimba. Na kama jambo hilo limekwisha kutendeka, kwako au kwa binti yako, na sasa kuna damu nyingi, homa, maumivu makali ya tumbo au uchafu unaonuka, nenda hospitali sasa hivi. Katiba, Kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mweleze mhudumu ukweli wa kilichotumika, maana dawa anayokupa itategemea hilo.

Nyanya, mama mkwe, dada, hapa nina neno nanyi. Mtoto kuumbika hivi si laana, si zinaa, si jicho la jirani, wala si kwa sababu mama alitazama mnyama wa ajabu. Ni ule mrija usiojifunga. Msimwambie, "Utapata mwingine," siku ile ile ya mazishi. Mpikieni, mfulieni, mkae naye. Na mjue kwamba maziwa yatatoka hata kama mtoto hayupo, na siku hiyo ndiyo humvunja mama kuliko zote. Avae sidiria inayokaza vizuri, aweke kitambaa cha maji baridi, asikamue zaidi ya kupunguza maumivu. Yakimsumbua, hospitali wana dawa. Akipitisha wiki mbili halali, hali, anajilaumu au anazungumza juu ya kufa, mpelekeni kituo cha afya. Hapo maombi yaende pamoja na matibabu.

Akiwa bado hospitalini azungumze na muuguzi juu ya kupanga uzazi, kwa sababu anaweza kushika mimba hata kabla ya kuona mwezi wake. Mimba ikiharibika au ikikatizwa, inashauriwa kusubiri angalau miezi sita.

Na mimba inayofuata? Kati ya mama 100 waliopata mtoto wa namna hii mara moja, takriban 2 au 3 ndio hupata tena. Wengine wote hawapati. Hata hiyo hatari ndogo inapungua sana kwa foliki asidi. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 1991 kutoka Uingereza ulionyesha kwamba dozi kubwa ya foliki, ikianzwa kabla ya mimba, iliondoa zaidi ya thuluthi mbili ya marudio. Mama aliyewahi kupata mtoto kama huyu huandikiwa miligramu 5 kila siku, tangu kabla ya kushika mimba mpaka wiki ya 12. Vile vidonge vya kawaida vya kliniki, vyenye madini ya chuma na foliki, vina mikrogramu 400 tu. Vinawafaa mama wengine wengi, lakini kwa huyu ni vichache. Tangu mwaka 2012 sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezwe foliki pia. Ule wa kusaga posho milini mara nyingi hauna, kwa hivyo anayekula huo asisahau vidonge, kunde, maharagwe na mboga za majani.

Kama unatumia dawa za kifafa, hasa sodiamu valproeti, mwone daktari kabla hujashika mimba akubadilishie. Usiache dawa mwenyewe ghafla, kifafa nacho kinaua. Mwenye kisukari naye aonwe kwanza sukari yake itulie.

Jambo la mwisho ni malipo. Tangu Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF ilipisha SHA. Kama hujajisajili, mwombe mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako akusaidie kabla hujahitaji kulazwa, na uulize hospitalini picha ya tumbo inalipiwa namna gani. Kina mama wenye maswali ambayo hawawezi kuyauliza hadharani, njooni kliniki yoyote ya wajawazito, mwombe kuzungumza na muuguzi faraghani. Wiki ijayo tutaangalia presha wakati wa ujauzito na dalili zake.